Rufaa Mbili: Kuthibitisha Fidia na Gharama za Matibabu Yajayo

Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa Mtwara Mjini wakati wa Wiki ya Sheria, mbele ya wasaidizi wa kisheria, watumishi wa afya, viongozi wa vijiwe vya bodaboda na wananchi waliokuja kusikiliza. Nimeyanyoosha kidogo kwa ajili ya msomaji, na mwishoni nimeongeza swali moja lililoulizwa ukumbini.

Waheshimiwa mliopo, mawakili wenzangu, wasaidizi wa kisheria, madaktari na wauguzi, viongozi wa vijiwe, mama zangu na baba zangu, shikamooni. Kwa wadogo zangu na rika langu, habari za asubuhi.

Lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja. Mtu aliyevunjika paja kule Newala, ikaonekana kuwa tiba yake imezidi uwezo wa hospitali ya wilaya, huandikiwa rufaa aje Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na akishindikana huko hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI, Dar es Salaam. Na mdai asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Wilaya naye hukata rufaa, akaja Mahakama Kuu hapa Mtwara, kisha akapanda hadi Mahakama ya Rufani. Jina ni lile lile, na ngazi zinafanana. Kinachofanyika juu ya ngazi ndicho kisichofanana. Daktari wa hospitali ya rufaa huisoma barua aliyokuja nayo mgonjwa, kisha huiweka kando na kumpima upya: huagiza picha nyingine, huchukua damu nyingine, na akiona kwamba daktari wa chini alikosea huanza matibabu mapya. Jaji wa rufaa hampimi mgonjwa. Anasoma jalada lililotoka chini, na kisichokuwamo katika jalada hilo, hata kama kila mtu kijijini anakijua, kwake huwa hakipo.

Nimeanza na tofauti hii kwa sababu watu wengi wanaoingia ofisini kwangu na hukumu mkononi huja na matumaini ya rufaa ya hospitali. Huja na picha mpya ya eksirei, barua mpya ya daktari, na kigutu ambacho hakijapona vizuri, wakiamini kwamba majaji wakiviona watatenda haki. Nami hulazimika kuwaeleza kwamba swali litakaloulizwa ni nini kiliandikwa katika hati ya madai, na nini kilipokewa kama kielelezo, miaka miwili au mitatu iliyopita. Maneno hayo ni magumu kumwambia mtu anayetembelea magongo, na natamani yasisemwe tena kwa mtu yeyote wa mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara.

Tuanze na msingi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtwika anayedai jukumu la kuthibitisha, na kiwango cha uthibitisho katika mashauri ya madai ni mizania ya uwezekano: mahakama iridhike kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko wa kutokuwa kweli. Kiwango hiki ni chepesi kuliko kile cha jinai, na wepesi wake umewapotosha wengi. Dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha kizembe, na muda wa kukata rufaa ukapita, sheria hiyo hiyo huichukua hukumu ya jinai kuwa uthibitisho usiopingika kwamba kosa lilitendwa. Aliyeumia hupumua na kudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini hukumu ile inazungumzia kosa la dereva tu, haisemi neno lolote juu ya shilingi. Haisemi mfupa ulivunjika vipande vingapi, wala ni lini chuma kilichowekwa kitatakiwa kutolewa, wala kitatolewa wapi na kwa bei gani.

Shilingi hizo sheria yetu imezigawa katika mafungu mawili. Fidia mahsusi ni hasara inayohesabika: dawa ulizonunua, kitanda ulicholipia, nauli, pikipiki iliyosagika. Hii sharti itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, kitu kwa kitu. Mahakama ya Rufani imelirudia jambo hili mara nyingi, likiwamo shauri la Stanbic Bank Tanzania dhidi ya Abercrombie & Kent, rufaa ya madai namba 21 ya mwaka 2001. Fidia ya jumla ni ile ambayo sheria huiona kuwa tokeo la kawaida la kitendo kilichotendwa: maumivu, ulemavu, kupungukiwa na raha ya maisha. Katika shauri la Cooper Motor Corporation dhidi ya Moshi/Arusha Occupational Health Services, lililoripotiwa mwaka 1990, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mdai hahitaji kutaja kiasi cha fidia ya aina hii, kwa kuwa kiasi hupangwa na mahakama yenyewe.

Sasa gharama za matibabu yajayo zikae fungu gani? Hazijalipwa bado, kwa hiyo hazina risiti. Lakini si maumivu wala huzuni, zina bei na zina tarehe. Zimekaa mpakani, na madai mengi yamepotelea mpakani hapo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika shauri la kampuni ya Kenya Bus Services lililoripotiwa mwaka 2004, ilitoa jibu ambalo mimi naliona sahihi. Ilisema kwamba fedha zenyewe hutolewa chini ya kichwa cha fidia ya jumla, lakini haja ya kutibiwa baadaye ni madhara mahsusi, yaani ni jambo la ukweli ambalo lazima litajwe katika hati ya madai ili ushahidi wake uweze kutolewa na mahakama iweze kuamua juu yake. Katika shauri lile haja iliyokuwa ikibishaniwa ilikuwa ya mazoezi ya viungo. Uamuzi wa Nairobi haufungi mahakama zetu, ila hushawishi. Hata hivyo, wakili mwangalifu wa Lindi au Mtwara ataandika hati yake kana kwamba unamfunga, kwa sababu kutaja haja hiyo ni jambo la aya moja, na kutoitaja kunaweza kuigharimu familia maisha yao yote.

Kuna sababu nyingine ya kutaja kila kitu mwanzoni. Kanuni zetu za mwenendo wa mashauri ya madai, katika Amri ya II, zinamtaka mdai alete madai yake yote yanayotokana na sababu moja ya kudai kwa pamoja, na akiacha sehemu haruhusiwi kurudi kuidai baadaye. Fidia hutolewa mara moja. Mkono ukianza kupooza miaka sita baada ya hukumu, mdaiwa aliyekwisha kulipa hana deni jingine.

Niwaombe sasa tufanye hesabu pamoja. Tuchukue kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda katika barabara ya Mtwara kwenda Masasi, ambaye amekatwa mguu chini ya goti. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba mguu wa bandia unamgharimu shilingi 2,500,000. Hati yake ya madai inasomeka: gharama ya mguu wa bandia, shilingi 2,500,000. Ankara kifani, yaani hati ya bei itolewayo kabla ya kununua, ambayo wengi tunaiita profoma, imeambatishwa, daktari amekuja kutoa ushahidi, na hakimu ameridhika. Mdai anapewa kila senti aliyoiomba. Ndugu zangu, kijana huyu ameshinda kesi na amepata sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake. Mguu wa bandia wa mtu mzima kwa kawaida hudumu kati ya miaka mitatu na mitano. Huchakaa, na kigutu chenyewe hubadilika umbo, hasa miaka ya mwanzo, hadi soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachokipokea kigutu, ikaanza kuchubua ngozi. Akibadilisha kila baada ya miaka minne hadi afikishe miaka 64, atahitaji miguu kumi, ambayo kwa bei ya leo ni shilingi 25,000,000. Hapo hatujagusa soksi za kigutu, magongo, matengenezo ya katikati, wala safari za kwenda Dar es Salaam, takribani kilomita 560 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, pamoja na mtu wa kumsindikiza na mahali pa kulala. Mahakama haikumnyima kitu, maana hayo mengine hayakuombwa.

Akienda rufaa aseme kiasi ni kidogo, ataulizwa: ni wapi katika mwenendo wa shauri daktari alisema kwamba mguu hubadilishwa? Hakuna. Daktari hakuulizwa, kwa kuwa aliyemwongoza katika ushahidi hakujua kwamba mguu wa bandia huchakaa kama kiatu.

Upande wa pili nao tuutendee haki. Mdai hawezi kuzidisha miaka kwa bei na kutaka jumla yote siku ya hukumu, kwa sababu shilingi ya mguu wa kumi, itakayotumika miaka thelathini na sita ijayo, akipewa leo ataweza kuiweka ikazaa. Tena hakuna ajuaye umri wake. Ndiyo maana mahakama zinazofuata mfumo wa sheria tuliourithi kutoka Uingereza hutumia kizidishwa na kizidishi. Kizidishwa ni gharama ya mwaka mmoja, ambayo katika mfano wetu ni shilingi 625,000. Kizidishi ni idadi ya miaka iliyopunguzwa kwa sababu nilizozitaja. Mahakama ikichagua kizidishi cha 20 badala ya 40, kijana atapata shilingi 12,500,000. Upunguzaji huo una mjadala wake, kwa sababu bei ya vifaa vinavyotoka nje ya nchi hupanda shilingi inaposhuka, na faida ya benki inaweza kumezwa na mfumuko wa bei. Waingereza wenyewe wameyumba katika jambo hili: kiwango chao cha kupunguzia, yaani faida ya mwaka ambayo fidia inadhaniwa kuzaa, kilikuwa asilimia 2.5 tangu 2001, kikashushwa hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri mwaka 2017, kikarudishwa hadi asilimia 0.25 chini ya sifuri mwaka 2019, na Januari 2025 kikapandishwa hadi asilimia 0.5 juu ya sifuri. Kiwango kikiwa chini ya sifuri, kizidishi huizidi idadi ya miaka yenyewe. Hoja ya namna hii ina nafasi katika mahakama zetu pia, ila mtu sharti ailete pamoja na ushahidi wa jinsi bei za kifaa husika zilivyopanda.

Mwaka 1979, akiwa katika Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama yao ya juu kabisa, Jaji Scarman alikiri kwamba katika fidia inayolipwa kwa mkupuo jambo la hakika ni moja tu: wakati ujao utaonyesha kwamba kiasi kilichotolewa kilizidi au kilipungua. Nakubaliana naye. Lakini kutokuwa na uhakika wa kesho si ruhusa ya kutoleta ushahidi wa leo.

Ushahidi huo ni wa mambo manne: haja, mara ngapi, muda gani, na bei. Matatu ya kwanza ni ya daktari au mtaalamu wa viungo. Bei mara nyingi si yake, na hapa nimeona mashauri mazuri yakichechemea. Daktari bingwa akiulizwa bei ya kitimwendo au ya mipira ya mkojo kwa mwezi hujibu kwa makadirio, na wakili wa mdaiwa humaliza kazi kwa swali moja la dodoso, yaani la kumhoji shahidi wa upande wa pili: je, wewe huuza vifaa hivyo? Ni vema aletwe mfamasia, au fundi wa viungo bandia, au mtu wa ofisi ya malipo ya hospitali, mwenye orodha ya bei aliyoiandaa mwenyewe. Na bei iwe ya mahali ambapo mgonjwa atatibiwa kweli. Kama huduma inapatikana katika hospitali za Mitengo, Nyangao au Ndanda, mahakama itashangaa kuombwa fedha za kwenda India. Kama haipatikani huku Kusini, mtaalamu aseme hivyo kwa kinywa chake, kwa sababu hapo ndipo nauli na malazi ya Dar es Salaam huacha kuwa anasa na kuwa sehemu ya tiba.

Madaktari wangu, naomba mnisikilize kwa upendo. Sentensi ninayoikuta zaidi katika ripoti zenu ni ile isemayo kwamba mgonjwa atahitaji ufuatiliaji wa karibu. Kwa daktari mwenzenu ina maana pana, kwa mahakama haina hata shilingi moja ndani yake. Andikeni kwamba chuma kilichowekwa kwenye paja kitahitaji kutolewa kwa upasuaji, ndani ya kipindi gani, na atalala wodini siku ngapi. Andikeni kwamba goti lililopasuka ndani lina uwezekano mkubwa wa kupata ugonjwa wa viungo mapema, na kwamba huenda likahitaji kubadilishwa. Neno huenda msiliogope, bali lifafanueni, kwa sababu mahakama huupima uwezekano lakini haiwezi kupima kimya. Fomu ya polisi namba 3, PF3 yetu, haitoshi kwa kazi hii: hujazwa saa za mwanzo, damu ikiwa bado inatoka, na inaeleza jeraha lilivyoonekana siku ile.

Vijana wa vijiweni, mama zangu wenye wagonjwa, nanyi mna sehemu yenu. Risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ni karatasi inayochapwa kwa joto, na joto hilo hilo huifuta: ukiiweka mfukoni au juu ya kabati katika hali ya hewa yetu ya pwani, baada ya miezi michache utabaki na karatasi nyeupe. Piga nakala siku ile ile, ila na halisi uitunze. Ukilipa kwa simu, usitegemee ujumbe peke yake, kwani simu hupotea. Omba taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, mradi uhalisi wake uthibitishwe. Matumizi ya jana yaliyotunzwa vizuri ndiyo mashahidi bora wa matumizi ya kesho: mdai mwenye risiti za dawa za miezi kumi na minne mfululizo hahitaji maneno mengi kumwaminisha hakimu kwamba mwezi wa kumi na tano utakuwa na dawa.

Hili lililonipata mimi mwenyewe nalisema kwa uchungu, ili liwafae walioanza kazi juzi. Miaka ya mwanzo ya uwakili nilimwakilisha mama mmoja aliyegongwa akivuka barabara. Risiti zake zote nilizipanga kwa tarehe, nikaziambatisha kwenye hati ya madai, nzuri kabisa. Siku ya ushahidi alizieleza moja moja, hakimu akasikiliza, nasi tukashinda. Kwenye rufaa jaji aliuliza swali moja: vielelezo hivi vilipokewa ukurasa gani? Havikupokewa popote. Nilikuwa sikuomba vipokewe. Kiambatisho cha hati ya madai si ushahidi mpaka shahidi akitoe na mahakama ikipokee na kukipa namba. Fedha za matibabu zikafutwa zote, na za matibabu yajayo, zilizokuwa zimekadiriwa kwa kutegemea zile, zikaenda nazo. Mama yule hakunilaumu. Alinishukuru kwa kuhangaika naye, na shukrani ile ilinikaa moyoni kuliko lawama.

Juu ya kipato kilichopotea nitapita haraka, kwa kuwa si mada ya leo. Mkulima wa korosho asiseme hana uthibitisho wa kipato. Tangu msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwa ukiacha maandishi: chama cha msingi kinajua alipeleka kilo ngapi, na benki inajua alilipwa nini. Mtu aliyevunjika bega habebi tena mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na kibarua anayemlipa badala yake ni hasara inayohesabika.

Jambo moja la kitaalamu kwa mawakili: mkiandika gharama za matibabu yajayo kama kiasi mahsusi, angalieni mahakama mnayofungulia. Katika shauri la Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters, lililoripotiwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mamlaka ya mahakama kifedha, yaani ukubwa wa dai inaloruhusiwa kulisikiliza, hupimwa kwa dai lenyewe mahsusi, wala si kwa fidia ya jumla. Hata muda wa kufungua shauri usisahauliwe: madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, na nimeona familia zikiumaliza zikisubiri mgonjwa apone kabisa kwanza.

Sasa tupande ngazi. Rufaa ya kwanza huruhusu mahakama ya juu kuupitia ushahidi wote upya na kufikia maoni yake, na hiyo ni nguvu kubwa. Lakini kuhusu kiasi cha fidia, majaji wamejiwekea mpaka. Mpaka huo uliwekwa wazi Uingereza mwaka 1942 katika shauri dhidi ya kampuni ya makaa ya mawe ya Powell Duffryn, ukarudiwa na Baraza la Faragha, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za kutoka ng'ambo, mwaka 1951 katika shauri la kampuni ya reli ya umeme ya British Columbia, na mahakama za Afrika Mashariki zikaufuata. Mahakama ya rufaa haibadilishi kiasi kwa sababu tu yenyewe ingetoa kingine. Itaingilia kama aliyeamua chini alifuata kanuni isiyo sahihi, au kama kiasi ni kikubwa mno au kidogo mno hata kionekane kuwa makadirio yaliyokosewa kabisa.

Kwa sababu hiyo, sababu ya rufaa inayosema tu kwamba hakimu alikosea kutoa fidia ndogo ni sababu dhaifu. Onyesha kosa la kanuni. Sema: daktari, katika ukurasa huu wa mwenendo, alieleza kwamba upasuaji wa pili ni wa lazima, kielelezo namba tatu kilitaja bei, hakupingwa kwa dodoso, na hukumu haikugusa jambo hilo kabisa. Kuacha kuzingatia ushahidi muhimu ni kosa la kanuni. Vivyo hivyo hakimu anapojumlisha kila kitu na kutamka fidia ya jumla ya shilingi milioni thelathini bila kueleza maumivu ni kiasi gani na matibabu yajayo ni kiasi gani. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba hiari ya kupanga fidia lazima iambatane na sababu. Lakini ombi la mchanganuo linafaa kuanza kwa wakili, katika hoja zake za mwisho mbele ya mahakama ya chini, kwa sababu kiasi kilichotolewa bila mchanganuo ni chepesi kupunguzwa na ni kigumu kutetewa.

Na mdai aliyeshinda asilale. Mdaiwa au kampuni ya bima ikikata rufaa kuomba kiasi kipunguzwe, nawe ukaenda kutetea hukumu tu, milango iliyo wazi ni miwili: kiasi kibaki au kishuke. Ili kipande, lazima nawe uwasilishe rufaa yako au pingamizi kinzani. Nimewahi kusoma hukumu ambayo ndani yake majaji walionekana kutambua kwamba mjibu rufaa alistahili zaidi, lakini hakuwa ameomba.

Vipi kuhusu ile eksirei mpya niliyoitaja mwanzoni? Mlango upo, ni mwembamba. Kanuni ya 27 ya Amri ya XXXIX ya zile kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai, na kanuni ya 36 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, zinaruhusu ushahidi wa nyongeza. Mwombaji huulizwa kwa nini haukuletwa mwanzoni licha ya kujitahidi, kama una uzito wa kuathiri matokeo, na kama unaaminika. Mguu uliokuwa ukitibiwa siku ya hukumu, ukaoza na kukatwa wakati rufaa inasubiri, una hoja ya kusikilizwa. Ripoti ya daktari ambayo ingeweza kuombwa siku yoyote ya miaka miwili ya kesi haina.

Walioumia kazini wakumbuke kwamba wana njia nyingine, ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, ambao hautaki kwanza uthibitishe uzembe wa mwajiri. Kwa wenye bima ya afya, kanuni ya zamani ya Kiingereza, ya shauri la mwaka 1874 dhidi ya reli ya Great Western, ni kwamba bima uliyoilipia mwenyewe haimpunguzii deni aliyekuumiza. Shauri hilo ni la kabla ya tarehe 22 Julai 1920, ambayo ndiyo tarehe ambayo nchi yetu ilizipokea sheria za Uingereza, na ni silaha nzuri mkononi mwa anayejua kuitumia.

Kwenye maswali, muuguzi mmoja wa kutoka Lindi aliuliza: daktari aliyempasua mgonjwa MOI ana orodha ndefu ya wagonjwa, je, kweli atasafiri siku mbili kuja kusema maneno ya nusu saa, na nani atalipa? Nilimjibu kwamba swali lake lina uzito, na kwamba Mei 2024, mvua zilipoikata barabara ya Kusini kule Somanga, hata mwenye nia na nauli asingefika. Lakini tangu mwaka 2021 zipo kanuni zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao, na shahidi anaweza kuapa na kudodoswa akiwa Dar es Salaam huku hakimu akiwa Mtwara. Wakili aombe mapema, vielelezo vitumwe kabla, na hospitali itenge chumba kimoja kitulivu. Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kwa hiyo daktari anaweza kueleza kwa lugha ambayo mgonjwa wake, aliyeketi kwenye benchi la mbele, ataisikia na kuielewa. Muuguzi akauliza tena: na kama daktari amehama au amefariki? Nikamwambia kwamba Sheria ya Ushahidi ina njia ya kupokea maandishi ya mtu asiyeweza kuitwa, kwa masharti, na kwamba hapo ndipo mwandiko wake katika jalada la mgonjwa, ukisomeka, hubeba kesi nzima. Akafungua daftari lake, akaandika.